Fundi Cherehani Anaenda Bukavu

Wiki nzima fundi cherehani wa soko la Baraka alishona huku akiimba, na Anastasie, anayeuza samaki wadogo wa ndagala meza ya pili, alijua sababu. Fundi alikuwa anawapeleka watoto wake watatu Bukavu, kwenye harusi ya mdogo wake, na yeye mwenyewe hajawahi kufika mbali kuliko Uvira. Kila mteja alisimuliwa habari hiyo, pini zikiwa bado zimebanwa mdomoni. Jioni aliwapanga watoto nyuma ya nyumba, wakashikana mikono, akawafundisha kuvuka barabara ya mji. Magari yalikuwa ni kuku wa jirani.

Asubuhi ya safari Anastasie alikuja kusaidia kuwapandisha kwenye gari. Alipomnyanyua yule mdogo, aliona ndani ya kola tarakimu zilizotariziwa kwa uzi mwekundu. Akafunua kola za wengine, akakuta ni vile vile.

"Ni namba ya mama yabo mudogo," fundi alieleza. "Kule bantu ni bengi. Mutoto akipotea, mwenye atamuona atapiga simu."

"Na we ukipotea?" Anastasie akamtania.

Fundi alifunua kola ya blauzi yake mpya, na humo mlikuwa na tarakimu zile zile, kubwa kuliko za watoto. Walicheka wakashikana mabega mpaka dereva akapiga honi. Gari likaondoka, watoto wakiwapungia mikono hata mbuzi wa kando ya barabara, na mama yao naye akipunga.