Mchi Mmoja

Asubuhi niliyofika kijijini kwao, Hilda alikuwa anapara samaki nyuma ya nyumba ya mama yake, nami nilikuwa nimevaa hedifoni za wokimani. Ilikuwa miaka ya ruksa. Hata bwana shamba kama mimi, aliyetoka chuo kikuu juzi, aliweza kujinunulia takataka ya Kijapani pale Songea. Hilda alinisalimia mara mbili, nisisikie. Kisha akamwambia mama yake, "Huyu afisa masikio yake ni ya kutundikia miwani."

Nilipanga chumba kwao. Kijiji kilikuwa kusini mwa Mbamba Bay, karibu na mpaka, na vita vya Msumbiji tulivijua kama ugomvi wa jirani: kwa kuvisikia ukutani. Kisha vikavuka. Wenye bunduki walichukua mbuzi, na vijana wawili wa kubeba mizigo. Vijana hawakurudi.

Serikali ya kijiji ikapiga marufuku kengele ya hatari, maana kengele humjulisha na adui kwamba ameonekana. Badala yake, nyumba ya mwisho kwenye njia ya mpakani ingetwanga kutwa nzima. Kinu kikinyamaza, watu wapande mlimani. Hilda na jirani yake Tekla walijitolea kwenda kutwanga huko. Muhogo ukiisha, walitwanga pumba.

Nilizima wokimani. Sikuwa na ushujaa mwingine wa kutoa. Mwanzoni kila tawi lililovunjika lilikuwa bunduki. Taratibu nikaanza kutofautisha: wimbi linalopiga mchanga na linalopiga mtumbwi, kanga wa porini wanaoitana na walioshtuka. Na chini ya yote, michi miwili ikipokezana katika kinu kimoja, mzito wa Tekla, mwepesi wa Hilda.

Asubuhi moja nilikuwa napukuchua mahindi na Mama Hilda. Mchi mzito ukakosekana.

Mwepesi ukaendelea. Pigo, kimya. Pigo, kimya.

"Tekla kaenda maji," nikasema.

"Akienda maji hupita hapa kuniita nimshikie mchi."

Tukapeleka habari ua kwa ua. Watu wakapanda bila kelele. Mama Hilda akasimama ameikabili njia.

"Mama, twende."

Nikamshika mkono. Hatimaye akageuka, akapanda mbele yangu.

Kule juu bado tuliusikia ule mchi mwepesi.

Kisha ukaacha.

Tekla alikuwa ametoka kinuni kidogo, akawaona wakija na kujificha kwenye matete, na ndiye aliyetusimulia. Wale wenye bunduki walikwisha kujua kwamba kimya huhamisha kijiji. Mmoja akamwambia Hilda, kwa Kinyasa safi, "Twanga, dada, usiache." Lilikuwa kosa la wanaume wasiowahi kusimama kinuni: hawakujua kwamba pale hutwanga wawili. Wakakuta kijiji kitupu. Wakaondoka na Hilda. Amani ilipopatikana ng'ambo, hakurudi.

Wengi husema alituokoa kwa makusudi. Kwamba angeweza kuharakisha mchi akaziba nafasi ya Tekla, lakini akaiacha wazi. Nami niliandika hivyo, kwa madaha ya kisomi, nikamsomea mama yake. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ninyi mlisikia hatari, baba," alisema. "Mimi nilimsikia mwanangu. Alikuwa hai, nami nikapanda mlima."