Jina Bila Shahidi

Kama unafikiri hii ni bongo, uongo tu, uliza batu ba Bungulu, mutaa wetu, bananijua: mimi siko mutu wa mastori. Miaka ya vita nilikuwa secrétaire wa paroasi, karani wa kanisa, na kazi yangu ilikuwa kuandika majina. Batu balikuwa banakimbia Mbau, banakimbia Kamango, bakifika kwetu naandika: jina, kijiji, nani alikuona mara ya mwisho, na shahidi. Bila shahidi siandiki. Njo ilikuwa sheria yangu, na nilikuwa mukali nayo, juu bamoja balikuwa banakuja na majina ya uongo ili bapate unga ya musaada mara mbili.

Liste yote, ile orodha ya majina, ilikaa mu ordinateur, kompyuta moja ya zamani. Bibi yangu na mutoto wetu nao nilibaandika mule, mistari ya kwanza kabisa. Tulipotezana mu barabara siku ya risasi, na tangu pale nilikuwa nakula peke yangu, nalala peke yangu, nazungumuza na mashini. Unacheka? Ngoja ukae kimya miezi mingi, utaanza kusalimia hata kiti.

Siku moja disketi ikatoka Butembo na liste ya kule, pamoja na karatasi: eti kuna virusi, tafuta fichier, faili zenye majina haya, ufute zote. Disketi nilikuwa nimeshaingiza asubuhi. Nikatafuta. Zote zilikuwa mule! Karibu ishirini, majina ya ajabu, herufi na namba tu. Virusi ikikula liste, bibi yangu nitamukuta wapi? Nikaanza kuzichagua ili nifute.

Ilikuwa saa tisa ya muchana, lakini mvua ilitia bureau, ile ofisi yangu, giza. Nikasikia sauti nyuma yangu: "Secrétaire, usifute kwanza."

Mwanaume mumoja, kijana bado. Mulango sikusikia. Na uniamini, inje matope ilikuwa inafika ku kifundo cha muguu, lakini viatu vyake vilikuwa kavu. Niliona. Mutu mupweke hapana kuuliza mugeni mambo mingi.

Hakutaka kukaa, hakugusa mashini. Alikuwa ananielekeza tu. Akasema: "Usiue kitu juu haujue jina yake. Uliza inakaa wapi, ilizaliwa lini, na kama mashini ingine sawa na hii iko nayo."

Tukaangalia. Karibu zote zilikaa mu dossier ya système, folda ya mashini yenyewe, na tarehe ya siku ile mashini ilitengenezwa. Masista balikuwa na mashini ya namna moja. Nikakimbia mu mvua na karatasi, nikakuta fichier zilezile, ukubwa uleule. Basi zilikuwa mifupa ya mashini. Ningezifuta, haingewaka tena. Moja tu ilikaa pahali pengine, ilizaliwa asubuhi ile, saa niliingiza disketi, na kwa masista haikukuwa. Hata ile akakataza nifute haraka. Kwanza nikopi liste ku disketi safi, kisha niitoe ile moja pale nafasi yake, niwashe mashini upya, nione. Ikawaka bila ile, kumbe njo ilikuwa virusi. Bibi yangu alikuwa palepale, mustari wa kwanza. Nililia, sioni haya kusema.

Kisha akaniambia: "Sasa uniandike na mimi. Muhindo, wa Mbau."

Nikauliza shahidi wake ni nani. Akajibu: "Bale bananijua hawako hapa." Na mimi, mutu amenisaidia vile, nikamwambia sheria ni sheria, arudi na mutu.

Hakukasirika. "Fichier uliziuliza zinatoka wapi," akasema. "Mimi haukuniuliza." Akatoka. Nilipofika ku mulango, ndani ya matope kulikuwa alama za miguu yangu tu, kwenda kwa masista na kurudi.

Siku ya tatu akaja mama muzee, Mama Kavira, anatoka Mbau. Alitaka jina ya mutoto wake iingie kati ya bale balikufa. Muhindo, fundi wa mashini. Njo yeye aliweka zile mashini zetu kabla vita ianze. Balimuua mu barabara ya Oicha, miezi ine ilikuwa imepita, na bale balimuzika balikuwa bameshavuka Uganda.

"Sina shahidi, baba," akasema. "Banasema bila shahidi hauandiki."

Niliandika jina. Pale pa shahidi nikaweka jina yangu.

"Ulimujua?"

"Alinisaidia kazi siku moja, mama. Mvua ilikuwa inanyesha."

Akanishika mukono, akasema wasingya, ile asante ya kwetu, akaenda.

Bibi yangu sijamupata mupaka leo. Mvua ya muchana ikinyesha, naacha mulango wazi na kiti cha pili karibu na mashini. Muhindo hajarudi. Wewe unasoma, fichier haujue, usiifute juu ya karatasi ya mutu, iulize kwanza. Na mutu akisimama mu mulango yako bila wa kumujua, umuulize mama yake ni nani, umuandike. Juu labda pahali fulani, sasa hivi, bibi yangu naye amesimama mbele ya mutu mwenye sheria kama yangu.