Cheti cha Nailoni Chavuka Ghuba

Niliondoka nyumbani Pasiansi Jumatano asubuhi kwa sababu ya kosa la baba yangu. Chuo kikuu kilikuwa kimenikubali kusomea udaktari kwa sharti moja: kabla ya Ijumaa nilete barua ya chuo changu cha zamani kuthibitisha stashahada yangu. Nacho chuo hicho cha zamani kilitaka kuona cheti halisi. Baba, muuza vitambaa mjini, alikuwa amekipiga laminesheni ya nailoni zamani, akakitundika dukani juu ya khanga. Kazini nikaambiwa vyeti vya nailoni vinakataliwa.

Saa kumi na mbili nilimkuta Baba sebuleni.

"Mwanangu, pasi nimeshaiwasha. Tukiipitisha taratibu, nailoni itabanduka yenyewe."

"Baba, achana na hiyo pasi!"

"Mimi nilitaka kisichafuke tu," alisema, akaenda kuvaa kofia yake. Aliamua tuende wote.

Saa mbili, Usagara. Basi lilisimama kusubiri abiria, nami nikapata nafasi ya kujihurumia. Wenzangu walisoma kidato cha tano na cha sita, Fizikia, Kemia na Baiolojia, wakaingia chuo kikuu moja kwa moja. Mimi baada ya kidato cha nne nilichukua stashahada ya utabibu, miaka mitatu, kisha nikapangiwa zahanati ya kisiwani. Nina miaka thelathini na moja. Nilijiona nimepitia mlango wa uani, na sasa hata huo unafungwa.

Saa nne tulivuka daraja la ghuba. Ziwa lilikuwa shwari kabisa. Baba alikishika cheti mapajani.

Katika chuo changu cha zamani tulipokelewa na msajili, mama mmoja mwenye miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leta nione." Alikigeuzageuza. "Nani kakifunga hivi?"

"Mimi, mama," Baba alijibu, kofia mkononi.

"Afadhali hamkukibandua. Juzi kaja mwenzenu kabandua, muhuri wote ukabaki kwenye nailoni. Huyo sasa anaomba kingine. Cha kwenu kinasomeka, namba nitailinganisha na rejista."

Akalinganisha, akaandika barua, akagonga muhuri. Moyo wangu ulirudi mahali pake. Nilipomwambia nafanya kazi zahanati ya kisiwani, aliniuliza kabla hajanikabidhi, "Kisiwani umezalisha akina mama wangapi?"

"Sijawahi kuhesabu."

"Basi darasani usiingie kinyonge. Wenzako kuna mengi watakuuliza wewe."

Niliituma barua chuo kikuu kwa simu palepale. Saa tisa, tukiwa Usagara tena, ujumbe ukaingia: nimepokelewa. Nililia mbele ya abiria wote, bila haya. Nilichojifunza ni kwamba miaka ile ya zahanati haikunichelewesha. Nilikuwa njiani muda wote.

Baba alichungulia dirishani, akamwita mama muuza mahindi.

"Nipe mawili makubwa," alisema kwa sauti ya kusikika basi zima. "Nina mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa."