Boa Wake Alikula Mara Ngapi?

Habari ilinifikia kwa sauti kwenye simu nikiwa Uvira, ambako naishi kwa muda, kama nilivyoishi kwa muda kila mahali. Aliyeituma ni dereva wa pikipiki tuliyejuana zamani kule Kabambare. "Kaka, ule mutu wa boa amekufa. Ni tumbo. Tulimubeba na pikipiki, barabara ikatushinda. Tumemuzika jana." Ilikuwa hiyo tu. Niliisikiliza mara ya pili nikitumaini kwamba labda mwishoni angemtaja kwa jina lake, au hata kwa kazi yake, lakini hakufanya hivyo. Mtu aliyekoboa mpunga wa mitaa mizima ya Kasongo, aliyepima kilo bila kuegemeza kidole kwenye mizani, ameshuka kaburini na jina la nyoka aliyeishi naye chini ya mwaka mmoja. Wasomaji wangu mlionizoea mtanisamehe leo. Sina utani.

Nilimjua barabarani. Ilikuwa kiangazi, tumepanda pikipiki moja kutoka Kabambare kwenda Kasongo, sisi wawili nyuma ya dereva, mifuko yetu imening'inia huku na huku, vumbi jekundu hadi kwenye meno. Mimi nilikuwa nahama kwa sababu ya kuhama tu; ndivyo nilivyoumbwa. Yeye alikuwa na sababu. Tajiri mmoja alimwita asimamie depo yake, yaani ghala la mpunga, na mashine ya kukoboa, na katika mji huohuo alikuwa ameoa majuzi. Wakwe zake walimkubali shingo upande, kwa kuwa alikuwa mgeni na hakuna aliyewahi kumwona babu yake. Njia nzima aliongea habari hiyo. "Kaka, mi nataka tu wanizoee," aliniambia tukiwa tunasukuma pikipiki juu ya magogo ya daraja bovu. "Siku wakinizoea, ule mwanamuke ni wangu kweli. Sasa hivi wamenikopesha tu."

Siku ya pili tuliwakuta watu wanachoma shamba jipya. Moto ulikuwa umefukuza chatu, ambaye kwetu watu wote humwita boa, na walikuwa wamekwisha kumuua na kumkatakata. Pembeni, chini ya kisiki, alijikunja mdogo, unene wa kidole gumba, ngozi yake inang'aa kama kitambaa kipya. Mzee mmoja aliinua panga. Rafiki yangu akasema, "Baba, hapana. Nipe ule mudogo."

"Wa nini? Iko na nyama gani?"

"Wa panya. Naenda kuchunga depo ya mupunga."

Walicheka mpaka wakashika magoti. "Haya, beba mutoto wako! Umuoshe na sabuni!" Dereva wetu aligoma kuwasha pikipiki mpaka mfuko ulipofungwa kwa kamba mara mbili, na hata hivyo aliendesha amekaa upandeupande.

Tulipofika Kasongo, alimtengenezea sanduku la mbao lenye wavu juu, akaliweka ndani ya depo, iliyopakana na chumba alicholala na mkewe, katika pembe yenye joto ambako bati lilishika jua la mchana. Wakati ule kila mwenye depo alitumia sumu, na sumu iliua kuku wa majirani kabla ya kuua panya. Kwake kuku hawakufa. Alinieleza kwamba boa mdogo hawezi kumaliza panya wa depo kwa mdomo. Harufu yake ndiyo inayowahamisha. Chakula chake kilikuwa panya mmoja mdogo kwa juma, asiyezidi unene wa nyoka mwenyewe. Baada ya kumeza hakuguswa na mtu. Kwanza uvimbe wa tumboni uishe, kisha apumzike siku kadhaa, ndipo apewe tena. Ukimharakisha atatapika, na boa mdogo akitapika mara mbili tatu umempoteza. Mambo hayo aliyajua kwa wajomba zake wawindaji, wala hakuyaona kuwa elimu. Kwake ilikuwa sawa na kujua kwamba mpunga haukobolewi mbichi.

Majirani hawakuelewa kabisa. Hawa ni watu ambao hukanyagi ua wao bila kuwekewa sahani. Ukikataa, wanahuzunika, na ukikataa tena, wanakuogopa. Kiumbe anayekula mara moja kwa juma kwao alikuwa mfungwa. Mama mmoja wa nyumba ya pili, muuza mafuta ya mawese, mwenye sauti ya kufika sokoni bila miguu, alikuwa akija mlangoni na kifaranga mkononi.

"We Papa, hata nyoka unaifunga na njaa? Na bibi yako inakuwa je?"

"Mama, imekula juzi."

"Juzi! Hata Waislamu kwa Ramadhani wanakula magharibi. Hii boa yako ni ya dini gani?"

"Iko Mukatoliki," alijibu mtu kutoka barabarani. "Iko kwa Kwaresima!"

Watu walicheka, naye alicheka kuliko wote. Alikipokea kifaranga kwa mikono miwili, akashukuru, na mama alipogeuka akakiachia uani kikakua na wenzake. Nilimwona usoni siku hizo. Alidhani ndiyo mazoea yenyewe aliyoyatafuta, kwamba mtaa unaomtania mtu umekwisha kumpokea. Mkewe naye alianza kumwita baba wa boa mbele ya kaka zake, na kaka zake walitabasamu.

Kisha ulifika msimu wa mvua na mbu wake. Boa alianza kubadilisha ngozi. Nyoka akiwa katika hali hiyo macho yake huwa meupe kama ya mtu mwenye mtoto wa jicho, halafu hukataa kila chakula. Aliacha kula majuma matatu. Ndani ya majuma hayohayo mjukuu wa yule mama wa mawese alishikwa na homa. Alipelekwa kituo cha afya, wakaambiwa dawa haijafika, warudi kesho. Kesho yake walirudi, haikuwa imefika. Mtoto akafa mgongoni mwa mama yake, njiani. Nilikuwa matangani. Ni hapo nilipomsikia mtu akisema taratibu, kama anayeuliza bei ya chumvi: "Na ile nyoka iko na macho meupe, inakataa panya... sasa inashiba nini?"

Mazishi yalipokwisha, shefu wa mtaa alituita uani kwake. Rafiki yangu alikuja na shati lake la Jumapili, mkewe nyuma yake. Shefu alimuuliza kwa heshima kamili boa wake hula mara ngapi. Naye alijibu ukweli, wote, kwa utaratibu, kama mtu anayeamini kwamba ameulizwa. Mara moja kwa juma. Akibadilisha ngozi, anaweza kukaa hata majuma matatu.

"Majuma tatu!" alisema mama wa mawese. Hakupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi. "Papa, mimi nilikuletea kuku juu ya huruma. Ukaniambia imeshiba. Imeshiba nini, Papa? Mujukuu wangu alikuwa anapita pale mulangoni pako kila siku."

Nilisimama. Nilisema nimemwona nyoka huyo akila panya, na kwamba mtoto ameuawa na homa ambayo sote tunaijua. Mmoja wa kaka za mke alinitazama kuanzia viatu. "We ni mupita njia. Kesho uko Nyangwe, kesho kutwa hatujui. Kaa chini, kaka." Nilibaki nimesimama nikiendelea kusema, nao wakaongea juu ya sauti yangu mpaka nikawa kama redio iliyosahauliwa dirishani.

"Basi ikule hapa," shefu akaamua. "Mbele ya macho yetu. Tuone."

Boa alikuwa amekwisha kuvua ngozi, na alikuwa amekula siku mbili tu nyuma. Uvimbe ulikuwa bado tumboni. Rafiki yangu aliniangalia, na nilijua anajua. Lakini mkewe alikuwa hapo, kaka zake walikuwa hapo. Alileta sanduku, akatia kifaranga ndani. Boa akameza, watu wakashusha pumzi, na kwa usiku mmoja tulifikiri yamekwisha. Asubuhi walikuja wengine. "Sisi hatukuona." Akatia kingine. Siku iliyofuata wakaja wa mtaa wa pili, pamoja na waliokwisha kuona wanaotaka kuona tena, na wengine walileta vifaranga vyao wenyewe, kama wanaokwenda kwenye mchezo. Kilipotiwa cha tatu, boa alifungua kinywa akatapika vyote, manyoya na maji meusi, harufu iliyowarudisha watu hadi barabarani.

"Munaona!" sauti ikatoka nyuma. "Inatapika kuku! Imezoea nyama ingine!"

Hakula tena. Siku chache baadaye alikuwa amekufa, amelala kwenye sanduku kama kamba iliyotupwa, na mtaa ukasema mwenye nyoka amemuua ili kuficha ushahidi. Yule tajiri wa depo, ambaye hakuwa ameamini neno hata moja la yote hayo, alimwomba rafiki yangu aondoke, kwa kuwa watu walikuwa wamehamishia mpunga wao kwenye mashine nyingine.

Nimezunguka sana, na nimewasikia watu wa mijini wakisimulia mambo kama haya ili wacheke ujinga wa vijijini. Mimi sicheki. Waliokaa uani pale walikuwa wakulima, walimu, waumini wa misikiti na wa makanisa, watu waliojua kusoma mvua na kusoma Kitabu. Walijua kuuliza pia. Waliuliza boa hula mara ngapi, hula nini, hula lini, nani alimwona. Katika siku zote zile sikumsikia hata mmoja akiuliza kituo cha afya hupewa dawa mara ngapi. Swali hilo lingewapeleka kwa wakubwa, na barabara ya kwenda kwa wakubwa ni mbaya kuliko ya Kabambare. Mgeni alikuwa karibu, mlango wa tatu, hana babu. Wanasema mnyonge hana haki. Mimi naongeza kwamba hata wanyonge wenyewe, wakipata mnyonge wao, humfanyia vilevile walivyofanyiwa.

Aliondoka asubuhi, baada ya mvua. Nilimsaidia kufunga mfuko. Hakuna aliyemtukana, hata mama wa mawese alikuwa amekaa kizingitini kwake akitazama ardhi, mwanamke aliyezeeka kwa mwezi mmoja. Mkewe alitoka ndani amevaa kitenge cha nyumbani, na nguo hiyo ilitosha kumwambia rafiki yangu alichotaka kujua. Hata hivyo alimuuliza.

"Mama, hauendi?"

"Papa, mi najua," alisema. "Mi ndiye nilikuwa nalala karibu na ile sanduku. Najua ilikuwa inakula nini. Lakini wewe unaenda, mi nitabaki na hawa watu."

"Mbona haukusema pale kwa shefu?"

Kaka mmoja wa mke alikohoa mlangoni, naye mke akarudi ndani, bila haraka, akainama kupita chini ya bati. Rafiki yangu alisogeza mfuko wake katikati ya kiti cha pikipiki, mahali ambapo mke angekaa, akaufunga vizuri kwa mpira. Kisha akanishika mkono. "Kaka, nilifikiri nakosa ushahidi," alisema. "Kumbe ulikuwa unalala kwangu."

Sikumwona tena. Watu hudhani ukweli hufa kwa kukosa wanaoujua. Katika ua ule walioujua walikuwa wengi kuliko waliokuwa tayari kulipa kwa ajili yake. Anayekutaka uthibitishe kwamba hukutenda, ilhali amekwisha kuamua, usimpe mnyama wako wala jasho lako. Geuka kwanza, uangalie nyuma yako nani amesimama. Kama hakuna mtu, funga mzigo mapema, usingoje kifaranga cha tatu.