Meneja Alivuta Gari kwa Kamba, Fundi Nassibu Akanyang'anywa Spana

Saa moja asubuhi, Fundi Nassibu Mgeni anapiga hodi kwenye ofisi ya tawi la chama, nyuma ya soko la Kariakoo, kuomba spana zake mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee Vitalis."

"Marahaba. Chukua, ila usitoke nazo nje ya ua," anajibu mwenyekiti wa baraza la usuluhishi, huku akimsogezea sanduku la chuma kwa mguu.

Kwa mguu, jamani! Sanduku linalomlisha mtu na watoto wanne.

Uani, juu ya mawe, kuna gari la meneja wa shirika moja la umma. Nassibu anaingia chini yake, anafungua boliti na kuishusha giaboksi ya otomatiki taratibu mpaka itue juu ya kifua chake. Jioni lazima azirudishe spana ofisini, kama mfungwa anavyorudisha jembe.

Meneja huyu alitaka gari la kutamba. Akalipeleka Upanga kwa fundi wa magari ya mashindano, injini ikaongezewa kabureta ya pili, ikabadilishiwa kemshafti, ikawa inanguruma hadi madirisha ya jirani yanatetemeka. Haukupita muda giaboksi ikaanza kuteleza. Injini inapiga kelele, gari halisogei.

"Nguvu umeiongeza, giaboksi ya kuibeba hiyo nguvu hujaiandaa," anasema Nassibu. "Nikamwambia, bwana mkubwa, nipe hiyo giaboksi niivue nguo zote."

Kazi hiyo aliifanya kwa moyo. Kila fungu la klachi aliliongezea pleti moja. Springi laini ya kusukuma oili aliitoa akaweka ngumu, ili gia iingie kwa kishindo bila kuteleza. Mbele ya rejeta alifunga kipozaoili alichokitoa kwenye lori bovu la Mchikichini. Na kila kipande alikifuta kwa kanga kuukuu, kwa sababu pamba wanayotumia mafundi wengine huacha nyuzi, na uzi mmoja ukiziba kitundu cha oili, kwaheri.

Kanga hizo ni za mkewe, Kuruthumu, ambaye bado ana uchungu nazo.

"Doti nimeipangia foleni tangu alfajiri, nimekanyagwa vidole, yeye anaichana afutie chuma!" anasema. "Halafu aitwe mhujumu? Mhujumu gani anayemvua mkewe kanga atengeneze gari la mkubwa wa serikali?"

Gari lilitoka likiwa zima, likaenda kama mshale. Kisha ikaja Jumapili.

Kila mtu Bongo anajua kwamba Jumapili, ikishafika saa nane mchana, magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani, ili nchi iokoe mafuta. Saa nane ilimkuta meneja Kunduchi, sahani ya samaki mbele yake. Badala ya kulilaza gari huko, akaita Land Rover ya shirika, yenye kibali, ije kulivuta. Injini ikazimwa, kamba ikafungwa, akaburutwa hadi nyumbani ameshika usukani kama bwana harusi.

Gari la gia za kawaida lingevumilia. La otomatiki likizimwa injini, pampu yake haizunguki, oili haipandi, na ndani magurudumu yanazungusha vyuma vikavu. Hadi kufika mjini, kazi yote ya Nassibu ilikuwa imeungua.

Meneja akamshitaki fundi kwenye baraza, na usidhani alificha. Alilieleza baraza kwa majivuno: "Sikuliendesha, lilivutwa. Mimi ni mtu wa kufuata sheria." Na baraza, ajabu, likampigia makofi! Hakuna aliyeuliza Land Rover iliyoburuta mzigo ule ilikunywa maji au petroli.

Nassibu akaitwa mhujumu, akaamriwa airudie kazi bure. Spana zikazuiwa ofisini mpaka meneja atakapotamka kwamba ameridhika.

Mzee Vitalis haoni ubaya. "Tulimkuta na gari limekufa, na fundi wa mwisho kuligusa ni yeye," anasema. "Tungefanyaje?"

Mngemsikiliza, mzee! Aliwaambia mara mbili, mkamwambia akae chini.

Kinachomkosesha Nassibu usingizi si jasho la bure. Tangu operesheni ya nguvukazi ianze, asiye na kazi ya kuonyesha anakamatwa mitaani na kupakiwa kwenye lori kwenda shamba. Fundi bila spana ataonyesha nini?

"Niliondoka Kilwa nikiwa kijana. Ufundi huu nimeusomea kwa kuungua mikono," anasema. "Leo nikisimamishwa pale Mchafukoge, niseme mimi nani? Nitajitetea kwa kanga ya Kuruthumu?"

Adhuhuri giaboksi imefungwa tena, pleti zimo, oili imo. Nassibu anawasha gari, anatia gia. Linashtuka na kusogea bila kuteleza hata kidogo. Watu waliojaa mlangoni wanashangilia, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Ndipo anapoingia Augustino, dereva wa ile Land Rover, kofia mkononi, macho chini.

"Samahani, kaka Nassibu. Bosi anasema analifuata kesho. Jumapili ana wageni Kunduchi." Anasogea karibu. "Amenituma nikuulize, safari hii kamba tuifunge wapi ili usipate tena kisingizio."

Nassibu anazima injini, anafuta mikono, anatembea moja kwa moja hadi mlango wa ofisi. Safari hii hapigi hodi.

"Mzee Vitalis, ita baraza. Augustino yuko hapa, ayarudie maneno hayo mbele yenu. Leo mshitaki ni mimi."