Fomu Nilizojaza Bila Kubisha Hodi

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na wala hakuna kubwa nililolifanya. Nilikaa tu mezani nikajaza karatasi. Nakusimulia kwa sababu juzi uliniambia, uso umeukunja, kwamba umesomea udaktari ili utibu watu, na mambo ya utafiti waachiwe maprofesa. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa sauti kubwa kuliko yako.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa mwaka wa nne. Chuo kilitutawanya mikoani kujifunza kazi, mimi nikapangiwa Mpanda. Treni ilinishusha pale stesheni na sanduku langu na kiburi changu, sijui kipi kilikuwa kizito zaidi. Ndoto yangu ilikuwa chumba cha upasuaji. Badala yake nikakabidhiwa kwa Mzee Lubinza, mtu wa maabara wa kituo kimoja cha afya, mzee mwembamba mwenye koti jeupe lililojaa madoa ya zambarau.

Mzee huyo alikuwa na jambo lililomnyima raha. Kulikuwa na wagonjwa wanaokuja na homa, wanapewa dawa ya malaria, halafu wanarudi na homa ile ile, wamekonda. Akitazama damu yao kwenye darubini, malaria haipo. Alishuku malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o wa porini. Lakini wadudu wake wanaweza kuwa wachache mno katika damu. Utatazama asubuhi nzima usione kitu. Kwa hiyo alitaka kwanza ajue ni nani kati yao aliyelala porini miezi ile, ili hao awapime tena na tena mpaka apate jibu. Akaandaa fomu kumi na nane, moja kwa kila mgonjwa, akanipa pamoja na baiskeli.

"Nenda majumbani kwao, binti," akaniambia. "Usiwaulize hapa dirishani, watakuficha. Mtu wa huku hasemi anakwenda kwenye mizinga ya nyuki. Anasema anakwenda kusalimia. Akitangaza safari, wanaamini atakuta nyuki wamehama. Tena wengine hawana kibali cha msitu. Kaa naye, kunywa uji wake, tazama kilichotundikwa ukutani. Ndiyo uulize."

Mimi nikaona mzee ananipotezea muda. Nilijaribu nyumba mbili. Ya kwanza sikumkuta mtu, ya pili mbwa alinifukuza mpaka nikapita kwenye miba na tairi likapasuka. Nikakokota baiskeli hadi kwa fundi wa baiskeli mtaa wa Makanyagio, mtu mpole aliyeitwa Baba Anzelmi. Naye alikuwa mmoja wa wale kumi na nane. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mazito, lakini alinizibia tairi huku akinitania kwamba mguu wa dokta ni laini kama wa mtoto mchanga. Akakataa malipo. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya asali iliyozibwa kwa gunzi la mahindi.

"Karibu nyumbani Jumamosi, dokta. Mzee Lubinza katwambia utakuja. Mama Anzelmi kashajua."

"Nitakuja, baba," nikamjibu.

Mwanangu, sikwenda. Jumamosi hiyo nilikaa chumbani kwangu tangu asubuhi, nikachukua kalamu mbili za rangi tofauti ili fomu zisifanane, nikazijaza zote. Nilizikunja pembe. Nilizipaka hata vumbi kidogo, nikajiona mjanja. Kwenye swali la kulala porini niliandika "hapana" mara kumi na nane, kwa kuwa wengi walikuwa watu wa mjini, na nilijisemea mtu wa mjini atafuata nini porini? Na nilipoandika "hapana" ya Baba Anzelmi, nilikuwa natafuna mkate niliopaka asali yake. Asali ya porini, chupa iko mbele yangu, wala sikujiuliza ilitoka wapi.

Mzee Lubinza alizisoma fomu zote akiwa amesimama. Kisha akavua miwani. "Basi nilikosea," akasema. "Asante, binti, umenitoa kwenye ujinga." Akafunga jalada lake. Ile asante inanichoma hadi leo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi, lakini aliyefika mwisho wake hakuwa mimi. Wiki chache baadaye Baba Anzelmi akaanza kusinzia kazini, spana mkononi, mteja amesimama. Watu wakacheka kwamba kanywa. Kisha akaanza kusinzia akiwa na tonge mdomoni, na kucheka kukaisha. Ndugu zake wakampeleka kwa waganga wawili, maana walidhani karogwa. Alipoletwa kwetu alikuwa hamtambui hata mkewe.

Mzee Lubinza alimpima maji ya uti wa mgongo, na safari hii wadudu walionekana. Malale yalikuwa yamekwisha kupanda kichwani. Dawa ya hatua ile haikuwepo Mpanda. Ilibidi apelekwe Tabora kwa treni, na treni ilikuwa bado siku tatu. Mzee akamgeukia Mama Anzelmi akamuuliza kama mumewe aliwahi kulala porini.

"Kila mwaka anakwenda porini kurina asali," mama yule akajibu. "Mizinga imetundikwa pale kwangu ukutani, mgeni yeyote anaiona." Kisha akanitazama mimi, bila hasira. "Dokta, mbona hukuja? Tulikusubiri siku ile. Nilipika."

Baba Anzelmi alifariki siku ya pili, saa tano asubuhi, kabla ya treni kufika.

Mzee Lubinza hakunipigia kelele, na heri angepiga. Aliiweka fomu ya Baba Anzelmi mbele yangu. "Mgonjwa angenidanganya ningemsamehe," akasema, "ana mizinga yake ya kuficha. Wewe ulikuwa unaficha nini?" Nikalia. Akaningoja nimalize, kisha akanipa fomu mpya kumi na nane. "Baiskeli iko nje. Fundi wa kuiziba hayupo tena, kwa hiyo angalia miba."

Nilizunguka siku tisa. Nilikaa, nilikunywa uji, nilitazama kuta. Wagonjwa watatu walikuwa wamelala porini, na Mzee alipowapima upya na upya, wawili walikutwa na malale machanga. Walitibiwa wakapona. Watu huniambia nijifariji kwa hao wawili. Najaribu, lakini kila nikiwahesabu namkosa mmoja, yule fundi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Anzelmi. Nilitaka kumpita, maana nimuulize nini tena? Alinivuta ndani, akanipa kigoda. Akangoja nitoe kalamu. "Andika ndiyo," akasema. "Andika vizuri, kwa mume wa mwingine wasije wakakosea." Nikaandika.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Utafiti si kazi ya kando; ni kumuuliza mgonjwa mapema, kabla ugonjwa haujajibu wenyewe. Kisu unachokitamani kinamtibu mmoja aliyelala mbele yako. Swali lililoulizwa vizuri linawafikia usiowajua, na lililojibiwa kwa uongo linawafikia pia. Wakikuita kushiriki utafiti, ingia, hata kama kazi yenyewe ni kutembea na fomu juani. Na usiandike kamwe jibu ambalo hukulisikia. Mficha maradhi, kifo humuumbua; lakini daktari akimsaidia kuyaficha, anayeumbuka ni nani?

Nenda ukasome, mwanangu. Mungu akupe sikio lenye subira na mkono unaoogopa uongo. Akuepushe na asante kama ile niliyopewa mimi. Na kila nyumba utakayotumwa, akufikishe mwenyeji angali hai akujibu.