Chandarua cha Kuondoa Chenga

Ukoo wa mchumba wangu haukumtuma baba wala mjomba kuja kunikagua. Ulimtuma bibi yake kutoka Mkula, ambaye kwa utani wetu alishaanza kuniita mume wake, na neno lake ndilo lingenipa mke au kuninyima. Mimi nilikuwa na banda la video Lipangalala, hapo Ifakara, na kwa akili yangu, bibi akiifurahia katuni tu, nimeshaoa.

Shida ilikuwa kanda. Katuni yenyewe ya zamani, imenakiliwa kutoka kanda nyingine ambayo nayo ilinakiliwa kwingine, imejaa chenga utadhani mtu anapepeta pumba mbele ya kioo. Nilisafisha kichwa cha deki kwa spiriti. Nikazungusha kitufe cha trakingi, kile cha kutuliza picha, mpaka kidole kikauma. Chenga zikapungua, hazikwisha. Ndipo likanijia wazo ambalo mpaka leo nalionea fahari na aibu: nilichukua chandarua changu cha kulalia, nikakikunja, nikakitandaza mbele ya televisheni. Chenga zikayeyuka. Picha ikawa laini kama uji.

Mchana bibi akafika, nikampa shikamoo na benchi la mbele. Katuni ikafika pale panya, akiwa juu ya ghala, anapovuta uzi na mfuniko wa chungu unamwangukia paka. Watazamaji waliowahi kuiona wakacheka. Bibi akakodoa macho. Akauliza mfuniko umeangushwa na nani. Nikamwambia ni panya, kwa uzi. Akasema haoni uzi wowote, na yeye ujana wake wote alikaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu shambani, akivuta kamba zenye makopo kufukuza ndege wa mpunga. Hajapata kuona kitu kikicheza bila kuvutwa.

Akainuka. Nikajua posa imekufa. Kumbe anaiendea televisheni. Akashika chandarua kwa vidole viwili, akanigeukia.

"Mume wangu, kwani na hii inaogopa malaria?"

Banda zima likaangua kicheko, nami nikatamani ardhi ipasuke. Akakivua mwenyewe. Chenga zikarudi zote, lakini katikati yake uzi ule, mwembamba kama unywele, ukaonekana mkononi mwa panya. Nikarudisha kanda nyuma. Safari hii bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, mkono wake ukivuta hewani pamoja na panya.

Wakati wa kuondoka alikikunja chandarua akakitia kwenye kikapu chake. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba ndicho ninacholalia.

"Najua. Mjukuu wangu atakuja nacho."

Wanawake wakapiga vigelegele. Furaha yangu haikuwa na kifani, mpaka jua lilipozama na mbu wa Ifakara wakaingia kazini. Asubuhi yake, huku nikijikuna, nilikwenda kwa wazee wangu kuomba harusi iharakishwe.